Kitabu cha Manseop Kilichogeukia Ukuta

Sotgol, 9 Novemba 1992

Mwanangu Gyuchan,

Pokea salamu za shangazi yako Bongnim ambaye bado hajafa, ingawa majirani wameshaanza kuniuliza kabati langu nitamwachia nani. Mgongo unauma na kifua kinakwaruza, lakini nala. Kimchi ya majira ya baridi, kabichi zetu za kuchachusha, nimeshaifukia uani na chumvi imekolea. Mtungi mmoja ni wako, ukiutaka uje uuchukue mwenyewe. Inok hajambo? Na huyo binti yenu Dahye, ameacha kuuma wenzake? Msimchape. Nilimjua mtu mwingine wa ukoo huu aliyekuwa anauma watu, na mtu aliyekuwa anamuuma ni mimi.

Wifi yangu Wolsim, yaani mama yako, anaendeleaje? Usinijibu "mzima" kama mwaka jana. Niambie anakula nini, analala saa ngapi, anaongea na nani.

Umesikia kwamba mgodi umefungwa. Watu wa mjini wanapikia gesi, makaa yetu hayana mnunuzi. Nusu ya nyumba za mtaa wa juu zimebaki na madirisha tu. Sasa kampuni itabomoa jengo la kugawia wachimbaji taa mwezi wa tatu, barafu ikitoka barabarani, na wewe unajua maktaba yetu ni chumba kilichoshikana na chumba cha taa. Shule ya zamani wametupa darasa moja tuhamie. Watu wanataka historia ya maktaba ichapwe kijitabu kabla jengo halijalala chini. Nikawaambia nina mtoto wa mdogo wangu huko Ansan anafanya kazi kiwanda cha kuchapa. Wakafurahi. Kwa hiyo umeshakubali.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo kubwa. Unaijua sheria yetu: anayeshuka mgodini hugeuza kitabu chake rafuni, mgongo wa kitabu ndani, na akipanda hukirudisha. Kilichogeuzwa hakiguswi na mkono mwingine, ila wa mwenyewe au wa nyumba yake. Rafu haiwezi kuondoka ikiwa na kitabu kilichogeuzwa. Kila nyumba iliyofiwa imeshakuja kuchukua chake. Kimebaki kimoja, cha baba yako. Kipo pale Manseop alipokiweka siku ya mafuriko ya mgodi. Mimi niliolewa nikatoka nyumba ile, sina haki nacho. Ni wewe au mama yako.

Njoo ukigeuze mgongo nje.

Shangazi yako,
Bongnim


Ansan, 24 Novemba 1992

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenifikia salama, na sisi huku ni wazima kwa ujumla. Inok anakusalimu sana. Dahye ameacha kuuma, sasa anatema mate. Kazini ni msimu wa kalenda, mashine hazipoi, na mimi narudi nyumbani nikinuka wino.

Mama ni mzima. Jioni huwa anatoka, anasema anasaidia usafi kwenye jumba la kanisa. Anakula vizuri.

Kuhusu kijitabu, nitakichapa kwa furaha, na msimamizi wangu amekubali nitumie mabaki ya karatasi. Lakini mimi niliondoka huko nikiwa mdogo. Najua tu kulikuwa na rafu na harufu ya mafuta ya taa. Niandikie tangu mwanzo, kama ulivyokuwa unatusimulia wakati wa kumenya viazi, nami nitapanga.

Hilo la pili tutaliangalia baadaye. Ila naomba kuuliza, ni kitabu gani?

Wako mtiifu,
Gyuchan


Sotgol, 10 Desemba 1992

Gyuchan mwanangu,

Theluji imefika dirishani, paka amegoma kutoka nje na mimi namuunga mkono. Mwambie Dahye kutema mate ni hatua ya mbele. Nimesoma ulichoniandikia kuhusu mama yako, mistari miwili kamili. Mkono wako haukuchoka?

Kitabu gani? Sijui. Hakuna anayejua. Mgongo uko ukutani, na huku hatuchungulii.

Haya, historia. Mwanzoni hapakuwa na maktaba, palikuwa na Bwana Tak. Mkono wake mmoja ulichukuliwa na behewa, kwa hiyo wakampa kazi ya kugawa taa. Nyumba zetu wakati huo tulizibandika magazeti ukutani kuzuia baridi. Tak akienda kwa watu akawa anakuta wanaume wanasoma kuta. Gazeti likiwa limebandikwa kichwa chini, mtu anapinda shingo mpaka anapata kizunguzungu. Siku moja alimkuta Gu Pansu amesimama kwa kichwa, miguu juu ya mlango. "Unafanya nini wewe?" "Ngoja, ngoja, huyu mwizi anakaribia kukamatwa!" Tak akarudi nyumbani hajacheka. Alituambia baadaye kwamba siku hiyo alilia njiani, na Tak hakuwa mtu wa kulia.

Unajua treni ya makaa inashuka mjini imejaa, inarudi tupu. Tak akawabembeleza watu wa reli. Kule stesheni ya mjini kulikuwa na karatasi kuukuu zinazosubiri kwenda kusagwa, vitabu ndani yake. Wakawa wanavitupia kwenye mabehewa matupu. Vikaja vyeusi tii, utadhani vimechimbwa huku huku.

Kitabu hakioshwi kwa maji. Sisi wanawake tuliokuwa tunachagua mawe kwenye makaa ndio tuliovisafisha. Kila mmoja alichukua nyumbani, ukurasa mmoja mmoja: unanyunyizia unga wa viazi, unauacha unywe masizi, unaupangusa kwa unyoya wa kuku. Wengi wetu hatukujua kusoma, mama yako akiwamo. Aliniita, uso umejaa hofu. "Wifi, hebu angalia. Hapa nimefuta uchafu au nimefuta neno?" Nikamwambia ni uchafu. Kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa sina uhakika.

Rafu nazo. Kila mchimbaji alikuwa na ruhusa ya kutoka na kipande kimoja cha gogo lililobaki kwenye nguzo za mgodi, kwa ajili ya jiko la nyumbani. Majira yale ya baridi vipande havikufika nyumbani. Sotgol nzima ilikaa kwenye sakafu za baridi, watoto wanakohoa, wanawake tunanuna, na chumba kile kikapata rafu nne za msonobari mpaka darini. Hakuna mkutano uliofanyika. Hakuna aliyeamrisha. Mpaka leo nikiweka kiganja kwenye mbao zile mwili unanisisimka.

Vitabu vingi havikuwa na mwisho, kwa sababu ukurasa wa mwisho ndio huchanika kwanza. Ilikuwepo hadithi ya binti wa jemadari. Watu wa zamu ya pili walibishana kule chini miezi mizima, mwishowe wakakubaliana anaolewa na mhunzi. Baadaye treni ikaleta nakala kamili. Kumbe binti anakufa kwenye theluji! Walikasirika mno. Pansu akamwambia Tak, "Huyu mwandishi hajui kitu, chana kurasa hizo." Tak akakataa, akaviweka vyote viwili. Kile kilichokatika kilisomwa mpaka kikawa nyuzi. Kile kizima kipo bado, kipya kabisa.

Na kugeuza kulianza hivi hivi tu. Mtu anasoma akingoja zamu, kengele inalia, anakisukuma kitabu rafuni mgongo ndani ili mwenzake ajue kina mwenyewe, mwenyewe yuko chini. Basi.

Mimi Tak alinipa kazi ya kutunza vitabu mume wangu alipokufa kwa mapafu. Mwanamke haruhusiwi kukatiza njia ya mchimbaji asubuhi, ni nuksi, kwa hiyo nilikuwa nangoja washuke wote ndipo niingie. Sikuwahi kumwona mtu akiazima kitabu. Naingia, chumba bado kina joto lao, nawakuta wote wako rafuni wamegeukia ukuta. Nilikuwa nawasalimia. Usicheke. Nilikuwa nasema, "Haya jamani, rudini."

Basi ameona baridi shangazi yako, mkono umekufa ganzi. Utakuja lini?

Bongnim


Ansan, 5 Januari 1993

Shikamoo Shangazi,

Heri ya mwaka. Tumeshukuru kwa kimchi uliyompa dereva wa basi atuletee, ilifika ikiwa imepasua kifuniko na basi zima limejua inatoka wapi. Inok ana mafua. Dahye amejifunza kusema "shangazi bibi".

Barua yako niliisoma kazini wakati wa chakula, nikaisoma tena kwa sauti kwa wenzangu. Mashine zilikuwa zimezimwa. Shangazi, hapa tunachapa vitabu kama mtu anavyokanda unga. Vikikosea tunavitupa kwenye pipa bila kuvitazama. Nilipofika kwenye unga wa viazi na unyoya wa kuku, mzee anayefunga karatasi aliinama akaokota ukurasa uliokuwa chini ya kiatu chake. Mimi nimekulia kwenye vumbi lile na sikujua nimetoka kwa watu wa namna gani.

Nimeanza kupanga herufi.

Kuhusu kile kitabu, nimefikiri sana. Naona tusikifanye kizito. Ni kitabu tu, Shangazi. Mwambie mtu yeyote akitoe, rafu ihame. Baba hatakasirika.

Mama ni mzima.

Gyuchan


Sotgol, 16 Januari 1993

Gyuchan,

Salamu, na pole ya mafua kwa Inok, achemshe peasi na tangawizi. Nakuandikia kabla ya sikukuu ya Mwaka Mpya wa hesabu ya mwezi kwa sababu nikingoja nitakuwa nimepoa, na sitaki kupoa.

"Ni kitabu tu." Umeandika wewe hayo? Kaa chini nikusimulie, na hili ulichape kwa herufi kubwa.

Kabla hujazaliwa, siku moja zamu imetoka, kitabu cha Gu Pansu kikabaki kimegeuzwa. Nikapiga kelele. Kengele ikapigwa, wanaume wakashuka kumtafuta, mke wake akagaagaa kwenye theluji. Pansu alikuwa wapi? Kilabuni kwa mama wa pombe ya mchele, amelala chini ya meza! Alitoka na kiu akasahau kukirudisha. Kampuni nzima ilitucheka. Mke wake hakucheka. Alimfukuza kwa ufagio mpaka daraja la chini.

Mwaka uliofuata, kikabaki cha Bae Dongchil. Vibao vya majina wanavyotundika wakitoka, pale lango la mgodi, vilikuwa vimetimia, kwa sababu rafiki yake alimtundikia kibao chake akidhani anamfuata nyuma. Nikaenda kwa meneja. Meneja akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama Bongnim, nenda kilabuni kwanza." Kilabuni hayupo. Nikamwambia Tak. Tak akachukua taa kwa mkono wake mmoja akaenda lango la mgodi. Wale wanaume walikuwa wametoka zamu sasa hivi, weusi, njaa inawauma, wengine wameshavua buti. Wakamtazama Tak. Wakaja mlangoni kwangu mmoja mmoja wakakitazama kitabu. Kisha wakavaa kofia wakashuka tena.

Walishuka kwa ajili ya kitabu, Gyuchan. Vinyweleo vilinisimama siku ile na vimesimama sasa ninavyoandika.

Walimkuta nyuma ya mwamba ulioporomoka, mguu umebanwa, hai. Walipomfikisha juu unajua alisema nini? "Hakuna aliyekisoma kitabu changu akanitangulia?"

Tangu siku hiyo hakuna aliyesahau, hata akiwa amelewa. Na ndiyo maana maji yalipomchukua baba yako, watu waliendelea kumtafuta hata baada ya kampuni kuzima pampu. Waliteka maji kwa ndoo, wasimpate. Ndoo, mwanangu, mgodi mzima! Kitabu kilikuwa kimegeuzwa, wangefanyaje?

Sasa nikuambie langu, kwa kuwa wewe hutaki kusema lako. Manseop ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Kila sikukuu ninapita mtaani nasikia harufu ya watu wanawaandalia marehemu wao, samaki, wali, pombe kidogo, na mdogo wangu hana hata bakuli. Kitabu kisiporudishwa mgongo nje yeye bado yuko zamuni, hawezi kuandaliwa. Sina haki ya kumwandalia, mimi ni mtoto wa kike niliyeolewa. Nimenyamaza miaka yote hii nikisema mtoto akue. Umekua, una mtoto anayetema mate. Nataka kabla sijafa nione wali umewekwa mbele ya jina la ndugu yangu huyu, mdogo wangu, baba yako, muite utakavyo.

Sikutishi. Nakuomba.

Bongnim


Sotgol, 20 Februari 1993

Gyuchan,

Hujambo, hawajambo. Sikukuu imepita, hukujibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami naogopa mshindo.

Kampuni imeleta tarehe: wabomoaji watafika katikati ya Machi. Vitabu vyote tumeshavifunga. Rafu tatu zimelegezwa. Ya nne hatujaigusa.

Mama yako ana nini? Niambie.

B.


Ansan, 1 Machi 1993

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Sote ni wazima wa mwili.

Umeniuliza tena na tena na mimi nimekujibu neno moja. Nilikuwa namficha Mama, nilidhani namlinda. Shangazi, Mama bado anamngoja. Kila jioni anapakua bakuli la Baba kwanza, analifunika, analiweka chini ya blanketi pale sakafu inapopata moto wa jiko, ili libaki na joto mpaka arudi. Asubuhi anakula yeye wali ule uliokauka. Amefanya hivyo tangu Sotgol. Inok alipoolewa alidhani ni wangu, nikamwacha adhani hivyo. Dahye sasa anaruka blanketi lile bila kuambiwa, kama mtu anavyoruka mfereji.

Unataka wali wa marehemu, na nyumbani kwangu kuna wali wa aliye hai. Nitafanyaje mimi? Nikija nikirudishe kitabu mgongo nje, ni mimi nitakayekuwa nimemuua Baba, mbele ya mama yangu. Naogopa. Hilo ndilo lililokuwa linanizuia mkono.

Juzi nikajikaza. Wakati wa kula nikamwambia, "Mama, chumba cha taa kinabomolewa. Kitabu cha Baba bado kipo." Akaweka kijiko chini. Nikangoja alie, nikangoja anifukuze. Akaniuliza tu, "Ni kitabu gani?" Nikasema hakuna anayejua. Akainuka akaosha vyombo.

Kampuni ya ubomoaji ikija, Shangazi, waache wafanye kazi yao. Mimi siwezi.

Gyuchan


Sotgol, 19 Machi 1993

Mwanangu Gyuchan,

Simu niliyokupigia kutoka posta ilikuwa ya kukuambia tu kwamba mama yako yuko kwangu na uache kuzunguka vituo vya polisi. Haya mengine hayasemeki huku foleni inakupumulia shingoni. Mpaka barua hii ikufikie atakuwa ameshakufikia mwenyewe, lakini namjua wifi yangu, hatakuambia chochote.

Wabomoaji walikuja asubuhi na mashine mbili. Msimamizi wao ni kijana wa nchi tambarare, mwenye haraka. Tulikuwa tumeshatoa kila kitu isipokuwa rafu ya nne. Mtaa mzima ulikuwa umesimama pale ndani na nje, hata waliohama walirudi. Akauliza, "Mnangoja nini?" Tukamwonyesha. "Kitabu kimoja? Mama, kitabu kimoja tu?" Akanyoosha mkono akitoe.

Dongchil akajiweka mbele yake, na ule mguu wake mbovu. Hakumgusa. Akasema, "Kijana, mimi ninaongea na wewe leo kwa sababu kitabu kama hiki hakikuguswa." Akamsimulia, kwa maneno machache, unamjua Dongchil. Yule kijana akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua kofia yake, akatoka nje, akawaashiria madereva wazime mashine. Akakaa kwenye ngazi akavuta sigara, hakutuuliza tena tunangoja nini. Na sisi wenyewe tulikuwa hatujui.

Basi la mchana likafika. Akashuka Wolsim, viatu vya mjini, begi mkononi. Watu wakampisha mlangoni. Akasimama mbele ya rafu. Nikataka kumshika mkono nikaona aibu.

Akakitoa kwa mikono miwili. Akakigeuza kidogo, apate mwanga wa dirisha, akaweka kidole kwenye mgongo wa kitabu, na kidole kikaanza kutembea.

"U-fu-ga-ji," akasema. "Ufugaji wa nyu-ki."

Kumbe kule kanisani si usafi, mwanangu. Ni darasa la watu wazima. Miaka mitatu, ameniambia, na walimu wamemchoka kwa maswali. Akanigeukia, macho makavu, makubwa.

"Wifi, ni cha nyuki. Mbona hakuniambia? Kila siku ananiambia tutahama, tutahama. Nikimuuliza tutakula nini, anacheka."

Mchimbaji, baba yake mchimbaji, anasoma ufugaji wa nyuki akingoja kengele! Hakuna mtu mle ndani aliyejua. Tumepita mbele ya ndoto yake kila siku, tumeifuta vumbi pembeni pembeni, na hatukuitazama kwa sababu ni yake. Niliketi chini pale pale.

Sasa sikia. Hakukirudisha mgongo nje. Nilikuwa nangoja, nikawa nasema kimoyomoyo, rudisha, rudisha. Akafungua begi akatoa shuka lile la kubebea mtoto, lile lile lililokubeba wewe, akakifunga kitabu mgongoni kwake, mgongo wa kitabu kwenye mgongo wake. Akasema, "Nakwenda nacho nyumbani. Hajamaliza." Akaomba msamaha kwa msimamizi kwa kumchelewesha.

Rafu ilitoka baada ya hapo. Tulipanga mstari kutoka chumba cha taa hadi shuleni, ubao ukapita mkono kwa mkono, na wabomoaji wakaingia kwenye mstari bila kuombwa.

Sikupata nililolitaka. Sina hasira. Nimeona kitu kikubwa kuliko nilichokuwa nataka, na bado nakitaka changu.

Shangazi yako,
Bongnim


Ansan, 2 Juni 1993

Shikamoo Shangazi,

Vijitabu vimetoka, nakutumia sanduku zima kwa basi. Herufi za sura ya Dongchil nimezikuza kama ulivyoamuru. Inok ana mimba, tulikuwa tunangoja tuwe na uhakika. Dahye anataka mdogo wake aitwe Nyuki.

Hilo jina limetoka kwa Mama. Kila jioni baada ya chakula anakifungua kile kitabu. Kurasa za mwanzo zote zina alama ya dole gumba kwenye pembe, nyeusi, ukurasa baada ya ukurasa, alipokuwa akifunua kwa mkono wenye makaa. Kisha mahali fulani, kwenye maelezo ya kuhamisha mzinga, alama zinakoma. Kurasa zilizobaki ni safi. Mama hakusoma za mwanzo. Ameanzia pale zilipokoma. Anasoma kwa sauti, ukurasa mmoja tu kila jioni, akielekeza uso kwenye blanketi. Anatusomea jinsi ya kumtambua malkia, jinsi ya kulisha mzinga majira ya baridi. Mimi nimeanza kuwahi kutoka kazini. Nakaa mlangoni nasikiliza, na nywele za mikono yangu zinasimama kwa habari za nta.

Akimaliza ukurasa anakirudisha rafuni mgongo ndani.

Nimeangalia unene. Nilijaribu kumwambia asome mbili mbili. Akaniambia, "Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Nivumilie, Shangazi. Mvumilie.

Gyuchan


Ansan, 3 Oktoba 1993

Shikamoo Shangazi,

Sote ni wazima, na safari hii namaanisha.

Jana jioni kurasa ziliisha. Mama alisoma mpaka jina la mchapaji na anwani yake. Akakaa. Kisha akasema, "Manseop asingeweza. Alikuwa anakimbia nyigu mmoja." Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, mara ya kwanza kumwona hivyo maishani mwangu. Dahye alimpanda mapajani akawa anampangusa kwa soksi.

Alipotulia akainuka, akakiweka kitabu rafuni. Mgongo nje.

Leo asubuhi amenitajia vya kununua sokoni: samaki, peasi na uvumba. Kwa kuwa hatujui siku aliyokata roho kule chini, amechagua tarehe tisa ya mwezi wa tisa kwa hesabu ya mwezi, siku wanayoandaliwa wasiojulikana siku yao. Itaangukia Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu. Nikamuuliza nani ataweka bakuli la wali mbele ya jina la Baba, mimi nikiwa mtoto wa kiume. Akasema, "Wewe utamimina pombe. Wali atauweka wifi yangu. Yeye ndiye aliyembeba kwanza."

Nikasema desturi haimruhusu, ameolewa. Mama akaniambia niandike kama alivyosema.

Njoo, Shangazi.

Gyuchan